Kumhasi Mbwa Dume: Khatari Zake na Tahadhari Zake



Huenda baadhi yenu mkastaajabu kuona gazeti la wakulima wa karafuu linazungumza khabari za mbwa, badala ya bei, makonyo na majamvi ya kuanikia. Lakini ofisi ya Chama hujibu kile inachoulizwa, na mara hii swali limeletwa na mzee mmoja, mwanachama wetu wa Pemba, ambaye kijana wake amefungua duka huko Yaeda Chini, katika wilaya ya Mbulu, Tanzania Bara. Mwenye kujua maisha ya Wapemba hatoliona jambo hilo geni. Ni pembe chache za Bara zisizokuwa na duka la Mpemba.

Kijana huyo anafuga mbwa dume wa kulinda duka na ghala. Yaeda Chini ni bonde pana, kavu, lililo chini ya nyanda za juu za Mbulu. Humo Wahadzabe huwinda na kuchimba mizizi, Wadatoga huchunga ng'ombe, na Wairaqw hulima. Usiku fisi huzunguka, na mbwa katika nchi ile si pambo la nyumba, bali ni mlinzi. Tabu ni kuwa mbwa huyu akisikia harufu ya jike hupotea siku mbili tatu, kisha hurudi akichechemea, ana majeraha ya meno mwili mzima. Jirani zake wafugaji, ambao kuhasi fahali ni kazi waliyoijua tangu utotoni, wamejitolea kumhasia mbwa wake kwa kisu. Baba mtu anauliza: kuna khatari gani katika jambo hilo, na je, mbwa akihasiwa hawi goigoi asiyelinda tena?

Swali hili ni letu pia. Wengi katika sisi hatufugi mbwa, lakini wako miongoni mwetu wanaofuga kwa ajili ya msako wa nguruwe wanaofukua muhogo katika makonde, na wa kuwafukuza tumbili na kima. Kila aliyepita chuoni anajua kuwa mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba ameruhusiwa, kama anavyojua hukumu ya najisi yake. Basi mwenye kumfuga kwa haja, yampasa amfuge kwa wema, na asimtie kisu pasi na kujua anafanya nini.

KAZI YENYEWE

Kumhasi mbwa dume ni kumtoa kokwa zake mbili. Daktari wa wanyama humlaza usingizi, akapasua ngozi kidogo mbele ya mfuko wa kokwa, akaifunga kwa uzi mishipa ya damu na mrija wa mbegu, akakata, kisha akashona. Daktari aliyezoea huimaliza kazi hii kwa muda mfupi, na aghlabu mbwa hurudi kwao siku ile ile. Kwa sababu hiyo watu hudhani kuwa ni jambo dogo. Ni dogo kwa mkono uliofunzwa na chombo kilichochemshwa. Pasipo hayo mawili ni jambo kubwa.

Wala mbwa si fahali. Fahali huweza kuhasiwa kwa koleo inayoponda mishipa bila ya kupasua ngozi, au ndama kwa kufungwa mpira. Vyombo hivyo havikufanywa kwa mbwa. Mfuko wake ni mdogo na ngozi yake ni laini. Ukipondwa au kukazwa mpira huvimba, huoza, na mnyama hupata maumivu makali kwa siku nyingi. Ama kumfunga kamba na kumkata akiwa macho, hilo ni adhabu. Tena mbwa mwenye maumivu humuuma hata bwana wake, na khatari ya jino la mbwa tutaitaja mbele.

KHATARI ZA SIKU ILE NA WIKI ILE

Ya kwanza ni usingizi wa dawa. Mnyama aliyelala kwa dawa pumzi zake hupungua, na moyo wake hupiga polepole. Huko Uingereza, baina ya 2002 na 2004, lilifanywa hesabu kubwa katika hospitali nyingi za wanyama. Miongoni mwa mbwa waliokuwa wazima wa mwili, kiasi cha mmoja katika kila 2,000 alikufa kwa sababu ya usingizi. Miongoni mwa waliokuwa tayari wagonjwa, alikufa zaidi ya mmoja katika kila 100. Hesabu hiyo ni ya nchi yenye vyombo vingi, lakini funzo lake latufaa sote. Usingizi haumtishi sana mbwa mzima, bali humtisha mbwa mgonjwa ambaye mwenyewe anamdhani mzima.

Na mbwa wetu wa Afrika Mashariki, hata anayeonekana ana nguvu, mara nyingi amebeba ugonjwa ndani. Minyoo humnyonya damu. Kupe humtia homa ambazo hupunguza damu, na nyengine huviua vile vijichembe vinavyoifanya damu igande. Mbwa wa namna hiyo akipasuliwa, pale ambapo mwenziwe angetoka matone machache, yeye huendelea kuvuja. Kwa hivyo mbwa wa bonde la ng'ombe wengi kama Yaeda Chini, au wa mabanda yetu yenye kupe, yafaa atibiwe kupe na minyoo kwanza, anenepe, ufizi wake uwe wa rangi ya waridi, kisha ndipo apelekwe. Ufizi mweupe ni alama ya upungufu wa damu, na mwenye mbwa aweza kuutazama mwenyewe kwa kuinua mdomo wa mbwa wake.

Jambo jengine katika mlango huu ni tumbo. Mbwa aliyeshiba akilazwa usingizi huweza kutapika, na matapishi yakaingia katika mapafu, na hapo mnyama hufa kwa kukosa pumzi au kwa homa ya mapafu. Daktari atasema chakula kizuiwe tangu saa ngapi, na amri yake ifuatwe. Wako wenye huruma wanaompa mbwa kipande asubuhi kwa kuwa "anakwenda kupata tabu". Huruma hiyo ndiyo inayomuua.

Ya pili ni damu. Uvimbe mdogo na wekundu kwa siku chache ni jambo la kawaida. Lakini uzi uliofungwa juu ya mshipa ukilegea, damu huweza kujaa katika mfuko mtupu mpaka ukawa mkubwa kuliko ulivyokuwa na kokwa, au huweza kumwagikia tumboni ambako haionekani. Mbwa aliyenyong'onyea, mwenye ufizi mweupe, anayehema mbio mbio na tumbo limejaa, hana nafasi ya kungojea kesho. Sababu kubwa ya kuvuja baada ya kurudi nyumbani ni kukimbia na kuruka mapema mno. Mbwa hajui kuwa ameshonwa. Dawa ya maumivu ikimtuliza, siku ya pili huona amepona na hutaka kufuata ng'ombe.

Ya tatu ni uchafu. Kidonda hiki kiko mahali ambapo mbwa hukalia, na ulimi wake hukifikia kwa wepesi. Watu husema ulimi wa mbwa ni dawa. Si kweli katika kidonda kilichoshonwa. Ulimi hufungua nyuzi na hupeleka vijidudu ndani. Matokeo yake ni usaha, harufu mbaya, na kidonda kuachama. Mahali penye nzi wengi, kama palipo na zizi la ng'ombe, nzi hutaga humo na mara huonekana funza. Kwa ajili hiyo madaktari humvisha mbwa kofia pana ya plastiki shingoni, mfano wa mdomo wa baragumu, ili mdomo wake usifike nyuma. Ikikosekana, daktari aulizwe njia nyengine, na mbwa asiachwe peke yake mchana kutwa. Kidonda hakitiwi jivu, wala mafuta ya gari, wala samadi, wala unga wa vidonge vya watu. Huachwa kikavu, na mbwa hakoshwi mpaka nyuzi zitoke, aghlabu baina ya siku 10 na 14.

Ya nne ni kokwa iliyojificha. Baadhi ya mbwa huzaliwa na kokwa moja, au zote mbili, hazikushuka katika mfuko wake, bali zimebaki tumboni au penye kinena. Mwenye kisu asiyefunzwa huitoa ile moja aionayo, akamwambia mwenye mbwa kuwa kazi imekwisha. Mbwa hubaki na tabia zake zote, na ile kokwa iliyobaki katika joto la mwili ina khatari zaidi ya kugeuka saratani kuliko iliyoshuka. Mbwa wa aina hii hupasuliwa zaidi na huhitaji daktari khasa.

KHATARI ZINAZOKUJA BAADAYE

Kidonda kikipona, yako mengine ya kuangalia.

Mbwa aliyehasiwa mwili wake hutumia chakula kidogo kuliko kabla, na hali hamu yake ya kula huzidi. Akilishwa kama zamani hunenepa, na unene humletea maradhi ya viungo na ya moyo. Kwa mbwa wa kijijini, anayekula makombo na kutembea kutwa, tabu hii ni ndogo. Kwa mbwa wa duka, anayelala mlangoni na kutupiwa ugali na kila mpita njia, ni tabu ya kweli. Chakula chake kipunguzwe kiasi cha robo na mbavu zake zipapaswe kila mwezi. Ziguswe kwa wepesi bila ya kuchomoza.

La pili ni mifupa. Kokwa hutoa homoni ambayo, pamoja na kazi zake nyengine, huipa mifupa amri ya kusimama kukua. Ikitolewa mapema, mifupa huendelea kurefuka kwa muda, na viungo huweza kukaa vibaya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis, Marekani, wameeleza mnamo 2013 na tena 2020 kuwa mbwa wakubwa wa mwili wanaohasiwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja hupatwa na maradhi ya viungo zaidi kuliko wenziwao, na kwa mbwa wadogo wa mwili tofauti hiyo haikuonekana. Kwa mbwa wa mchanganyiko, mpaka waliouweka ni kiasi cha kilo 20. Mbwa wetu wengi wa kienyeji hawafiki uzito huo, lakini mwenye mbwa mkubwa wa ulinzi, wa mbegu ya kigeni, afadhali angojee atimize mwaka na zaidi.

La tatu ni saratani, na hapa mizani ina pande mbili. Mbwa aliyehasiwa hapati tena saratani ya kokwa, na lile tezi lililo penye njia ya mkojo halimvimbi kwa uzee kama linavyowavimba madume wengine. Kwa upande wa pili, saratani yenyewe ya tezi hilo, ambayo ni chache, imeonekana zaidi kidogo kwa waliohasiwa, na kwa baadhi ya mbegu za mbwa wakubwa saratani ya mifupa vile vile. Katika nchi zetu iko faida moja ya kutiwa katika hesabu. Kuna uvimbe wa saratani unaoambukiza, unaokwenda kutoka mbwa hadi mbwa kwa kupandana, na hutoka damu sehemu za siri. Dume asiyefuata majike hupungukiwa sana na khatari hiyo.

JE, ULINZI WAKE HUHARIBIKA?

Hili ndilo swali ambalo watu huliuliza kwanza. Jawabu ni kuwa kuhasi hupunguza yale yanayotokana na dume, na hakuondoi yale yanayotokana na malezi. Katika mbwa 42 walioangaliwa na watafiti wa Davis mnamo 1976, tabia iliyopungua zaidi ni ya kuzurura, ambayo ilipungua kwa kiasi cha tisa katika kila kumi. Kugombana na madume wengine kulipungua kwa wengi, lakini si kwa wote. Kubweka anapoingia mgeni, pua ya kunusa nguruwe, na mapenzi kwa bwana wake, hayo hayamo katika kokwa. Basi mwenye mbwa wa msako au wa ghala asikhofu kuwa atabaki na gunia la mchanga.

Lakini iko tahadhari. Mbwa anayeuma kwa sababu ya woga, aliyepigwa mawe tangu udogoni, kuhasiwa hakumponyi, na pengine humzidisha woga. Pia mbwa aliyehasiwa mkubwa, aliyekwisha zoea kuzurura, huweza kuendelea kwa mazoea. Wala faida haiji siku ile ile. Tabia hubadilika polepole, na mbegu zilizobaki katika mirija huweza kumtia mimba jike hata baada ya wiki kadhaa. Kwa mwezi mmoja na nusu azuiwe na majike.

Na mwenye kutaka kupunguza mbwa wa mtaa mzima asidhani kuwa kuhasi madume wachache kutatosha. Dume mmoja aliyebaki huwatosha majike wote wa kijiji.

KUHASI SI CHANJO

Wanachama, tumeyataja mengi, lakini khatari kubwa kupita zote haimo katika kisu wala katika usingizi. Ni ya mtu kumhasi mbwa wake, akaona ametulia, hazururi, akasema: "Huyu sasa ni salama," akaacha kumpeleka kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa aliyehasiwa na asiyechanjwa huweza kuumwa na mbwa mwenye kichaa hapo hapo mlangoni pake, kisha akamuuma mtoto. Na maradhi haya, dalili zake zikishadhihiri kwa mtu, hayana dawa. Makadirio ni kuwa duniani hufa kwayo watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao wa Afrika na Asia, na wako watoto wengi miongoni mwao.

Sisi wa visiwani tunao ushahidi wetu wenyewe, wala hatuna haja ya kuazima mfano wa mbali. Watafiti wa Tanzania na wenzao wa ng'ambo wamefuatilia maradhi haya kisiwani Pemba kuanzia 2010 hadi 2020, wakienda nyumba kwa nyumba kuwauliza walioumwa na kuvichunguza virusi vyenyewe, na khabari zao zilichapishwa 2023. Waliona kuwa mwaka 2010 ilikuwako Pemba minyororo mitano ya maambukizi. Chanjo ya mbwa ilipofanywa kisiwa kizima kila mwaka, na kila mara kwa ubora zaidi, minyororo yote mitano ilikatika kufikia Mei 2014. Kisha chanjo ikalegea. Mwishoni mwa 2016 maradhi yakaingia tena kisiwani, mara mbili, na watu wakaanza upya kuumwa na mbwa wenye kichaa. Ilibidi chanjo irejeshwe kisiwa kizima, na mnamo Oktoba 2018 mlipuko ule ukamalizika.

Angalieni, basi: kilichoitoa balaa Pemba ni chanjo, na kilichoirudisha ni usahaulifu. Wataalamu husema yapasa mbwa wasiopungua 70 katika kila 100 wawe wamechanjwa ili maradhi yasipate njia. Ikiwa kisiwa kilichozungukwa na bahari kiliingiliwa mara mbili kwa kulegea muda mfupi, itakuwaje Yaeda Chini ambako mbwa wa kila boma hukutana malishoni na hapana bahari ya kuwazuia?

UPANDE WA DINI

Baadhi yenu mtauliza hukumu ya sharia. Ofisi ya Chama si mahali pa kutolea fatwa, lakini yafaa ijulikane kuwa jambo hili lina khitilafu za wanavyuoni. Imam Nawawi, katika wakubwa wa madhehebu ya Shafi, ameeleza kuwa mnyama asiyeliwa haifai kuhasiwa, na anayeliwa yafaa akiwa mdogo. Wengine, wakiwamo wanavyuoni wa Kihanafi, wamejuzisha palipo na manufaa. Na wamo wa zama zetu wanaoruhusu kwa haja iliyo wazi, madhali mnyama haadhibiwi. Kila mmoja amuulize shehe wake kabla ya kumwita daktari. Ambalo halina khitilafu ni kuwa kumtesa mnyama ni haramu.

JAWABU KWA MZEE WETU

Kwa hayo yote, jawabu letu kwa mzee na kwa kijana wake ni hili.

1. Jirani zake awashukuru kwa wema wao, lakini asikubali mbwa wake ahasiwe kwa kisu cha fahali.

2. Kabla ya lolote, mbwa achanjwe kichaa, naye aitunze kadi ya chanjo na afuate tarehe ya kurudia.

3. Ajaribu kwanza ua mzuri na mnyororo mrefu wenye kivuli na maji. Huenda mbwa akaacha kupotea bila ya kupasuliwa.

4. Akiona hapana budi kuhasi, na dini yake imemtulia katika hilo, aende ofisi ya mifugo ya wilaya, Mbulu, aulize daktari aliyesomea upasuaji wa mbwa, mwenye dawa ya usingizi na dawa ya maumivu. Akikosekana daktari wa namna hiyo, afadhali angojee.

5. Mbwa atibiwe kupe na minyoo wiki chache kabla, na daktari ahakikishe kokwa zote mbili zimeshuka.

6. Asimrudishe bondeni siku ile ile kwa pikipiki au juu ya gari la mizigo. Safari ya mtikisiko na vumbi ndiyo inayofungua nyuzi. Apate pa kumweka mjini japo usiku mmoja au miwili.

7. Kwa wiki mbili mbwa akae mahali safi, pakavu, amefungwa, asijilambe, na kidonda kitazamwe asubuhi na jioni. Akiona damu isiyokoma, uvimbe unaokua, usaha, harufu, funza, au mbwa kukataa kula zaidi ya siku moja, amrudishe kwa daktari.

8. Akiumwa yeye au mtu mwengine na mbwa yeyote, aliyehasiwa au asiyehasiwa, kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile kwa sindano. Asingoje kuona mbwa atakuwaje.

Ama sisi wa huku, neno letu kwa wenye mbwa wa msako ni fupi. Wanapokuja mabwana mifugo kwa chanjo, wapelekeni mbwa wenu wote, dume na jike, mkubwa na mdogo, japo ni siku ya kuchuma. Karafuu ya siku moja hungojea jamvini, lakini mtoto aliyeumwa hangojei.

Mwenye swali jengine na alilete ofisini kwa maandishi au kwa mdomo. Wabillahi taufiq.

Katibu wa Chama